Siku Mbili za Kerubo na Maji ya Kamati

Nilifungua mfereji wa karavani, sufuria mkononi, na mfereji ukakohoa. Ukakohoa mara ya pili, ukatoa hewa, ukatoa mdudu mmoja mkavu, halafu kimya. Karavani yenyewe ilikuwa imelala upande kama mlevi, gurudumu la kulia limezama nusu. Jua la saa tisa linaingia dirishani moja kwa moja. Binti yangu Kerubo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, midomo imekauka. Akageuka akaniuliza, "Mama Doha, hakuna maji?"

Nikachungulia nje. Mwenyekiti wetu, Festus Mwanzia, alikuwa amesimama juu ya ardhi nyeupe ya chumvi na viatu vyake vya kanisani, daftari chini ya kwapa. Akakohoa kidogo kama mfereji ule ule, akasema, "Wapendwa, naomba tufanye kikao cha dharura."

Sikumpiga. Nataka hilo lijulikane kabla ya mengine yote.

Nyinyi mlioniuliza baada ya ibada, "Mama Kerubo, safari ya kambi ilikuwaje?", nikawajibu tu "tulirudi salama", leo nimekaa kitako nawaeleza. Mimi niliishia darasa la sita, msinitafutie makosa ya kuandika. Tafuteni makosa ya Festus. Hayo mtayaona bila miwani.

Najma, alfajiri

Kwanza mjue kwa nini safari ile ilikuwa yangu kuliko ya mtu mwingine.

Kerubo nilimwacha ana miaka saba. Sasa ana ishirini na mmoja. Katikati hapo nimerudi nyumbani mara mbili tu. Dada yangu Moraa ndiye aliyemlea, na kwa haki kabisa Kerubo humwita Mama. Mimi aliniita Mama Doha tangu akiwa mdogo, ili asituchanganye kwenye simu. Mwaka huu akapata kazi ya hoteli huko Poland, na ndege yake ikapitia hapa. Akaniambia anaweza kukaa na mimi Ijumaa na Jumamosi, kisha Jumapili alfajiri aendelee. Siku mbili. Miaka kumi na minne, nimepewa siku mbili.

Nilitaka nimpeleke mahali pasipo na kengele ya bosi wala foleni ya choo. Hapa kwetu baridi ikiingia, wenyeji hufunga virago na kwenda kupiga kambi jangwani na ufukweni, na sisi tunaowapikia tumezoea kuwafungia vyombo na kubaki. Safari hii nikasema hata mimi nitafungiwa vyombo. Hamisi wa Likoni, dereva, alikuwa ameazimwa na bosi wake gari kubwa na karavani kuukuu yenye vitanda vinne na jiko. Mpango ulikuwa twende kaskazini, tufike baharini saa nne asubuhi ya Ijumaa. Mimi na mwanangu tukae mchangani siku nzima. Nilikuwa na neno la kumwambia. Nililifanyia mazoezi wiki tatu nikiosha vyombo.

Sasa, sisi Wakenya mnatujua. Watano tukitaka kwenda kununua nyanya, lazima kwanza tuwe na mwenyekiti. Tukakutana chumbani kwa Mercy, yule nesi, hapo mtaani Najma, tukaunda kamati. Festus, kwa kuwa ni msimamizi wa walinzi na ana sauti, akawa mwenyekiti. Mercy katibu. Hamisi usafiri. Mimi mapishi. Kerubo, ambaye hata hakuwa amefika nchini, akachaguliwa mwakilishi wa vijana.

Kipengele cha nne kilikuwa maji. Mercy akapendekeza tuwe na maji ya kutosha ya kunywa na kupikia. Hamisi akaunga mkono. Festus akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nani atapinga maji? Akasema kimepita, Mercy akaandika, tukasonga kwenye kipengele cha tano, nyama, ambacho kilitumaliza saa nzima kwa ubishi.

Ijumaa alfajiri tulipakia. Unga wa ugali ulikuja kilo ishirini, kwa sababu kila mtu alileta wake. Chumvi pakiti tano. Mercy akaleta katoni ya soda. Kerubo, aliyekuwa ametua usiku uliotangulia, alisimama kando na sweta lake jipya la kwendea Poland, amekunja mikono, ananitazama kwa adabu, vile mtu anavyomtazama mwalimu mgeni.

"Umelala vizuri?" nikamuuliza.

"Vizuri, asante. Na wewe?"

Asante na wewe. Moyo wangu ukasema, tuna kazi.

Al Wakrah, ambako hatukuwa tunaenda

Bahari yetu iko kaskazini. Festus alitupeleka kusini.

"Nyama ya mbuzi iko kwa mtu wa kwetu, Al Wakrah," akasema. "Ilipitishwa kwenye kikao."

"Mzee Festus," Hamisi akamwambia, "Doha nzima yauza nyama, wewe wanipeleka Wakrah na karavani mgongoni?"

"Hamisi, hiyo ya dukani ni nyama. Hii ni mbuzi."

Mtu wa kwao alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala usingizi wa wafu. Tulimpigia simu, tukamgongea mlango, tukakaa. Saa nzima ikaenda, na nusu nyingine. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu masaa yangu na kumtazama Festus kisogoni.

Lakini Mungu hakosi mlango. Tulikaa karibu na bandari, tukaagiza chai ya karak na chapati zilizojazwa yai na jibini. Kerubo akanywa funda la kwanza, akafumba macho.

"Hii chai imepikwa na mtu mwenye hasira," akasema.

"Kwa nini?"

"Imekolea."

Nikacheka mpaka chai ikanitoka puani. Yeye naye akacheka, na nikaona ana pengo dogo la meno juu, kushoto, kama langu. Kwenye simu halionekani. Mercy akatupa vitambaa vya kujifutia, akasema, "Haki hawa wawili wanacheka sawa kama ringtoni moja."

Mwenye mbuzi akaamka. Nyama akaitoa kwenye friza ikiwa imeganda ndani ya ndoo, imechukua umbo la ndoo, ngumu kama jiwe la kujengea. Festus akaipokea kwa mikono miwili kama kombe la mpira.

Umm Salal, saa ya swala

Tulifika Umm Salal wakati hasa wa swala ya Ijumaa. Kila duka lilikuwa limefungwa, barabara tupu. Hamisi akasimamisha gari karibu na msikiti, akaenda kuswali, sisi tukabaki tukitazama mashamba ya mboga ng'ambo ya uzio.

Hapa nisikilizeni vizuri. Nilimuuliza Festus, kwa mdomo wangu huu, mbele ya Mercy na mbele ya mwanangu: "Mwenyekiti, maji yako sawa?"

Akanijibu, "Mama Kerubo, hilo tulishalipitisha."

Mimi nikajua tanki la karavani limejazwa. Mercy akajua Hamisi amejaza, kwa sababu usafiri ni wake. Hamisi, aliniapia baadaye, alijua Mercy amejaza, kwa sababu yeye ndiye aliyependekeza. Na Festus hakujua chochote. Alikuwa na imani tu. Kwake yeye jambo likiandikwa kwenye daftari, tayari limetendeka duniani.

Swala ilipokwisha, maduka yakaanza kufungua. Mimi nikasema tungoje kidogo, ninunue limau na pilipili. Festus akaangalia saa. "Tumechelewa," akasema, yeye huyo huyo wa Wakrah. Tukaondoka. Duka la kwanza lililofungua mlango, nililiona kwenye kioo cha nyuma, katoni za maji zimepangwa mlangoni mpaka juu.

Ardhi nyeupe

Tuliimba njia nzima. Hilo siwezi kulificha, tulikuwa na furaha. Mercy ana sauti ya juu, Hamisi anapiga usukani kama ngoma, na Kerubo akatufundisha wimbo wa watoto wa shule ambao mimi sikuwahi kuusikia, kwa sababu alipoimba shuleni mimi nilikuwa hapa nakuna masufuria. Nikauimba kwa nguvu kuliko wote.

Karibu na pwani, barabara ya lami ikaisha, tukashika njia ya vumbi. Ilikuwa inazunguka. Mbele yetu kulikuwa na uwanda mweupe, sawa kabisa, na ng'ambo yake ukanda wa buluu. Bahari!

"Kata hapo katikati," Festus akasema.

"Hapa hapapitiki, mzee," Hamisi akajibu. "Hii wenyewe waiita sabkha. Juu ngumu kama chapati ya jana, chini uji."

"Hamisi, mimi naona kwa macho. Hapa hata ndege inatua."

"Basi iteremshe ndege. Mimi nina karavani."

"Kama mwenyekiti, nasema kata."

Na Hamisi, jina lake pia naliandika, kwa sababu alijua na akakubali, akakata. Tulienda mita mia hivi. Gari la mbele likapita. Karavani ikasita, ikatoa sauti kama mtu anayevuta kamasi, ikakaa chini.

Hapo ndipo nilipofungua mfereji ule.

Kikao cha dharura kilifanyika, ndiyo. Festus akafungua daftari akasoma kipengele cha nne, kimependekezwa, kimeungwa mkono, kimepita. Akatazama mstari wa mwisho, akatutazama sisi.

"Hakuna jina," akasema, kama mtu aliyeibiwa.

Hamisi akafungua gari kutoka kwenye karavani, lakini nalo lilipogeuka likazama gurudumu la nyuma. Sasa tulikuwa na vyombo viwili kwenye uji. Simu ilikuwa na mtandao mwembamba, bosi wa Hamisi yuko safarini, na rafiki tuliyempata akasema anaweza kuja kesho.

Kisha tukaona lori kubwa la tanki likipita mbali kwenye njia ya vumbi. Festus akavua shati akakimbia akilipunga, tumbo mbele. Tanki likasimama. Tukamwona anaongea na dereva, anaonyesha mdomo wake, anaonyesha tanki, anapiga magoti. Dereva akashika usukani akicheka mpaka akalala juu yake. Mercy akakaza macho.

"Tanki lile ni la njano," akasema polepole. "Ya maji si ni ya buluu?"

Lilikuwa limetoka kunyonya vyoo vya kambini. Festus alirudi ameshika shati mkononi. Kerubo akamwuliza kwa heshima zote, "Mwenyekiti, kimepita?" Hamisi akaketi chini kwenye chumvi, hoi kwa kicheko. Yule dereva, Mungu ambariki, alikuwa amempa Festus chupa yake mwenyewe ya maji, nusu. Tukaigawa kwa kifuniko, mwanangu kwanza, maana soda zilikuwa zimetuzidishia kiu tu.

Maziwa ya Idris

Festus alipendekeza ugali upikwe kwa soda. Hakuna aliyeunga mkono.

Kabla jua halijashuka sana, akatokea mtu anatembea na ngamia wake saba, kanzu imefungwa kiunoni. Jina lake Idris, Msudani, mchungaji. Alitazama karavani, akatutazama sisi, akamwambia Hamisi kitu kwa Kiarabu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema kila baridi lazima apate wageni hapa. Mwaka jana walikuwa Wazungu."

Maji aliyokuwa nayo yalikuwa kidogo, kwenye kiriba cha plastiki, akatugawia. Halafu akamsimamisha ngamia mmoja, akasimama kwa mguu mmoja, bakuli juu ya goti, akakamua. Maziwa yakapanda na povu. Akaja moja kwa moja kwangu.

Festus akanyoosha mkono. "Mimi ndiye mwenyekiti."

Idris akamkwepa. Hamisi akatafsiri huku akicheka: "Anasema bakuli huanza kwa mama."

Nikanywa, moto moto, ya chumvi kidogo. Nikampa Kerubo. Mercy akapiga kelele, "Hayajachemshwa! Mimi kama nesi..." Mwanangu akanywa sehemu yake, akajifuta povu, akasema, "Nesi, leta sufuria basi tuyachemshe yaliyobaki."

Tukapika ugali kwa maziwa ya ngamia. Tulikuwa na unga kilo ishirini, tusiseme njaa. Kerubo akaomba mwiko. Nikamwachia, nikakaa kwenye ngazi nikamtazama. Anageuza ugali kwa kuukandamiza upande mmoja wa sufuria, kisha anaupindua kwa ghafla, na kiwiko kimeinuka. Ni mama yangu mzazi huyo. Mama yangu alikufa Kerubo akiwa mtoto mchanga, hamkumbuki. Moraa alimfundisha, na Moraa alifundishwa pale pale jikoni nilipofundishwa mimi.

"Nani kakufundisha kuinua kiwiko?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Mama." Akaukandamiza ugali tena. "Anasema na wewe unainua."

"Lete nikuonyeshe."

Tukaushika mwiko wote wawili. Ugali ulitoka mweupe, laini, mtamu kama andazi. Mbuzi wa Festus alikuwa bado ndoo. Idris alikula na sisi, akasema hajawahi kuona watu waliozama wenye furaha namna hii. Tulilala mapema, miguu ikiwa juu kuliko vichwa, kwa vile karavani ilivyoinama. Kerubo aliteleza usiku kucha akinijia, na mimi sikumsukuma.

Vikombe vya Abu Nasser

Jumamosi asubuhi Idris alirudi na mwenye ngamia, mzee wa Kiqatari aitwaye Abu Nasser, na gari lenye kamba nene. Alizitoa tairi zetu upepo, akaweka mbao, akavuta. Gari likatoka kwanza, kisha karavani ikatoka kwenye chumvi ikinung'unika. Tukapiga vigelegele. Ilikuwa saa tatu. Nikahesabu: nusu saa mpaka baharini, bado nina siku nzima, asante Mungu.

Abu Nasser akasema lazima tupite kambini kwake tunywe kahawa. Kumkataa mtu aliyekutoa matopeni huwezi. Nikasema moyoni, kikombe kimoja.

Tukaketi kwenye zulia, mito imepangwa, moto katikati. Mtu wa kumimina akasimama na birika la shaba, vikombe vidogo visivyo na mkono. Mimi nimefanya kazi nyumba za hapa miaka kumi na minne, najua. Ukitosheka unakitikisa kikombe kidogo kabla ya kukirudisha. Usipokitikisa, unamiminiwa tena, na mgeni akiwa bado anakunywa mwenyeji haondoki, na chakula hakipakuliwi. Nikanywa, nikatikisa. Kerubo akanitazama, akatikisa. Mercy na Hamisi wakatikisa.

Festus hakutikisa.

Alikunywa cha tatu akashukuru. Cha tano akashukuru. Nilimkonyeza. Nilimkanyaga mguu. Akanong'ona, "Mama Kerubo, ni utovu wa adabu kukataa."

"Tikisa kikombe."

"Nikimwaga?"

"Festus, tikisa kikombe!"

Kufika cha kumi na moja macho yalikuwa yamemtoka, jasho linamtiririka. Abu Nasser amefurahi kupata mgeni anayependa kahawa, anampigia nduguye simu aje amwone. Kerubo ndiye aliyemwokoa. Alimshika mkono mwenyekiti mzima kama mtoto, akautikisa. Mzee akacheka, akapiga makofi, na sinia la wali na mwana-kondoo likaingia, la kulisha watu ishirini. Nisiwadanganye, sijala wali kama ule. Ndimu zilizokaushwa, zabibu, nyama inaachia mfupa yenyewe. Abu Nasser alikuwa akimchomolea Kerubo vipande vizuri na kumwekea upande wake. "Kula," akamwambia, Hamisi akitafsiri, "Poland hakuna hii."

Tulipoinuka, saa tisa kasoro ilikuwa imefika.

Bahari

Karavani ilitakiwa irudi kwa wenyewe kabla ya magharibi, na Kerubo alikuwa na ndege alfajiri. Nilipewa dakika arobaini.

Wengine walibaki kwenye gari. Festus alikuwa hawezi kukaa wala kusimama kwa ile kahawa, anazunguka karavani kama saa. Mimi na Kerubo tulivua viatu. Maji ya huko ni ya kina kifupi, unatembea mbali na bado yako magotini, safi mpaka unaona kucha zako. Tukapandisha sketi. Akanirushia maji, nikamrushia. Tulicheka kama watoto waliotoroka shule. Akanishika mkono na hakuuachia. Kisha akaniuliza, akiwa anatazama mbele, sauti ya kawaida tu.

"Mama Doha, Baba alipokufa, mbona hukuja kumzika?"

Neno lenyewe ndilo hilo. Lile la wiki tatu za vyombo.

Nyinyi nawaambia. Mwaka ule nilikuwa kwa mwajiri wangu wa kwanza. Alikuwa amefungia pasipoti yangu kwenye droo na kusafiri na ufunguo, miezi miwili. Simu ya msiba ilinikuta nikifagia nyumba tupu. Nikamwambia Moraa kwamba sikupata likizo, nikaona ni afadhali waseme nina moyo mgumu kuliko waseme nimefungiwa kama kuku. Moyo mgumu nikaubeba hivyo mpaka leo.

Nilifungua mdomo. Nikasema, "Mwanangu, kaa nikueleze."

Na honi ikalia. Ikalia tena, ndefu. Festus amesimama kando ya gari, anapunga daftari: "Mama Kerubo! Muda! Tuheshimu ratiba!"

Kerubo akaniachia mkono, akasema, "Si kitu, utaniambia siku nyingine."

Garini tulikuwa watano, si mahali pa neno kama lile. Doha tulifika tumechoka, akafunga sanduku, akalala. Uwanjani alinikumbatia kwa nguvu, safari hii si kama mwalimu, akasema tulifurahi sana, na ni kweli tulifurahi. Nimejaribu kwa simu. Nikifika pale nasikia sahani za hoteli zikigongana nyuma yake, nauliza kama kuna baridi.

Nasikia Festus anasimulia kwamba safari ilifana, na kwamba kamati inastahili pongezi. Nasikia anapanga nyingine. Basi nasema hivi, mbele yenu nyote: Jumapili baada ya ibada asimame. Asisome daftari. Sitaki "tulipitisha", sitaki "kamati". Aseme kwa jina lake: mimi Festus nilizungusha watu Wakrah, mimi nilisema kata, mimi sikuweka maji, na mimi ndiye niliyepiga honi. Halafu anijibu swali moja tu, na nitakaa kiti cha mbele nimsikilize. Mwanangu aliniuliza habari za baba yake, nikiwa nimemshika mkono baharini, kwa mara ya kwanza maishani mwetu. Festus, ulikuwa unaharakia wapi?